Nukta Mbili za Noëlla

Jina yangu ni Noëlla Kafula. Kuko nukta mbili juu ya ile e. Kama kalamu yako haina nukta, acha nafasi, nitakuja kuziweka miye mwenyewe.

Nilizaliwa siku ya Noëli, ku Pweto, upande wa Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mupadri aliandika jina yangu mu kitabu ya ubatizo, na baba akaangalia zile nukta akamuambia mama: "Ona, mutoto wetu ana macho mbili hata mu jina." Bafaransa banaita ile tréma. Miye naita macho ya jina yangu. Vita ilitufukuza, nyumba ilibakia, bwana yangu alibakia kule mu udongo. Zile nukta nilivuka nazo ziwa Mweru, na ku kambi balipoandika karata yangu ya ukimbizi, nilisimama nyuma ya mwenye kuandika mupaka aliziweka. Alikasirika. Akasirike.

Sasa sikiliza vile mutu mumoja alizing'oa mbele ya soko yote, na vile nilimulipa.

Ule mutu anaitwa Rodwell Kaoma. Alikuwa karani wa soko mupya ya samaki hapa Nchelenge, upande wa Zambia, ile ya mabati karibu na maji. Komite ilinunua ordinateri, ile mashini ya kuchunga majina, na Kaoma tu njo alijua kuifungua. Sheria ya komite ilikuwa fupi: jina moja, meza moja. Kila mwenye kuuzisha samaki aende kwa Kaoma, aandikishe jina, kiisha siku moja majina yatasomwa, na mwenye jina yake inasomwa anapewa meza chini ya mabati. Usione meza ni kitu kidogo. Miye nauzisha chisense, vile visamaki vidogo vya kukausha, na chisense ikinyeshewa mvula mara moja, hata paka hataitaka. Mwenye meza chini ya mabati anakula mwaka muzima. Mwenye kukaa inje anaomba mawingu yapite.

Nilikwenda, nikaonyesha karata, Kaoma akaandika. Siku ya kusoma ilifika, batu bakajaa. Kaoma alivaa koti. Anasoma, batu banasimama, banapiga vigelegele, banakwenda ku meza yao. Akafika ku jina yangu, akasimama. Kumbe mu ile mashini macho ya jina yangu yalikufa. Pa nafasi ya ë palikuwa alama ya kuuliza: No?lla. Batu ba hapa banajua Kiingereza ya masomo, na mu Kiingereza No ni hapana. Kaoma aliinua karatasi juu, akasoma polepole: "No? ... lla. Kafula."

Akangojea batu basikie vizuri. Kiisha akasema: "Bamayo, hata mashini inauliza: No? Na miye naijibu: No!"

Soko yote ilicheka! Batu benye nilikuwa nabagawia chumvi, banashika tumbo, banacheka. Nilisema: "Ba Kaoma, ni Noëlla, angalia karata." Akaangalia karata, akaangalia karatasi yake, akasema: "Hapa kuko Noëlla. Kwangu kuko No?lla. Haifanane. Meza haiko, mukwai." Ile mukwai yake, neno ya heshima mu Kibemba, aliitia kama mutu anatia pilipili mu kidonda.

Kuanzia ile siku niliitwa Bamayo No, ni kusema Mama Hapana. Batoto bakipita na baisikeli ya samaki: "Bamayo No, shani, habari?" Banunuzi ba kutoka Mansa, benye hata hawanijue: "Iko wapi ule mama No, mwenye chisense safi?" Nilitandika plastiki yangu inje, ku muchanga, mu jua. Na chini ya mabati, meza ya kona, ile yenye ingekuwa yangu, iliandikwa na rangi: R. KAOMA. Ya pembeni yake pia R. Kaoma. Karani gani ana meza mingi kuliko bavuvi? Batu baliona, balinyamaza, juu kila mutu alikuwa anaogopa jina yake pia ikufe mu ile mashini. Miye nilikaa ku muchanga nikamuangalia, na nikasema mu moyo: Kaoma, hata ukifika uzee, nitangojea.

Mutu mumoja tu hakucheka. Mama wa kutoka Kabuta, banamuita Bana Chalwe, ni kusema mama ya Chalwe. Jina yake mwenyewe, sikia, ni Noella Kafula! Yake haina nukta, ni ya Kizambia. Ziwa hii batu bake ni bamoja, majina inavuka bila pasipoti. Alipata meza, na mvula ikianza alikuwa anapiga kelele: "Wajina! Leta beseni hapa, usiwe mujinga!" Tulikuwa tunaitana vile, wajina, juu jina yetu ni moja. Nilikuwa nakwenda mvula ikinyesha tu. Ikikauka, narudi ku plastiki yangu. Sikutaka kukaa ku meza ya huruma. Nilitaka yangu.

Bon. Mungu hasahau. Ordinateri ya Kaoma ikaanza kugonjwa, inasoma majina mara mbili, mara inakatala. Komite ikatafuta mutu ku Mansa, na ule mutu wa Mansa alikuwa nani? Yolande! Mutoto yangu, wa tumbo yangu, mwenye alisoma informatique, masomo ya ordinateri, ku Lubumbashi mbele ya kutufwata huku. Mwenyekiti wa komite, Ba Elliot, mutu wa kanisa, alimupa ufunguo wa biro na kazi: kutengeneza ile base, orodha ya majina, kiisha majina isomwe upya, meza igawiwe upya.

Nilikwenda kukaa naye mu biro, mu muchana. Nikamuambia: "Nionyeshe wapi aliniua."

Yolande akacheka. "Mama, mashini haijui herufi. Inajua namba tu. Kila herufi bameipa namba yake. Sasa kuko mafungu ya herufi, mingine kubwa, mingine ndogo. Papa Kaoma alichagua fungu ndogo, ya Kiingereza tu. Ë haimo. Kitu chenye mashini haina namba yake, inaandika alama ya kuuliza."

"Na nukta zangu? Zimejificha chini ya ile alama?"

"Haziko, mama. Ikiisha kuandika ile alama, imesahau. Hata uichape fimbo, haitakumbuka. Nitaweka fungu kubwa, yenye herufi ya inchi zote, kiisha ninaandika jina yako upya."

Akafanya kazi yake, akaniita: "Angalia." Akabonyeza, na ile alama mbaya ikatoka, na ë ikaingia, na nukta zake mbili, safi, zinaniangalia. Niligusa kioo na kidole. Sitakuficha, nililia. Nililia kama mutu ameonyeshwa mutoto wake mwenye alipotea mu vita.

Kiisha nikapangusa machozi, nikasema: "Na Kaoma?"

"Kaoma amefanya nini tena?"

"Ana meza mingi. Jina moja, meza moja, na yeye ana mingi. Mashini haikumuona?"

Yolande akatafuta. Kiisha akapiga meza na mukono. "Aka! Mama, kuja uone." Na nikaona miye mwenyewe: Rodwell Kaoma. RODWELL KAOMA. rodwell kaoma. Rodwell KAOMA. Mutu mumoja amevaa makoti mbalimbali.

"Mashini ilikatazwa kukubali jina moja mara mbili," Yolande akanieleza, "lakini kuko sheria ingine, ya kulinganisha. Njo inasema herufi gani ni sawa na gani, na gani inatangulia. Ni kama weye mu kuchagua ile samaki yenye banaita pale. Mama mumoja anatenganisha pale mukubwa na pale mudogo. Mwingine anasema pale ni pale, anatia yote mu beseni moja. Papa Kaoma aliweka sheria ya kutenganisha kila kitu. Kwake K kubwa na k ndogo ni vitu mbili. Mashini inaona jina mbalimbali, inafungua mulango."

"Na ukiweka sheria ya beseni moja?"

"Makaoma yote inaanguka mu beseni moja. Inabakia moja tu, ile ya kwanza kuandikwa. Zingine mashini inafuta."

Moyo wangu uliruka! Dawa ya moto ni moto. Alinitoa na mashini, atatoka na mashini. Yolande akasema anataka kuijaribu mbele, ku pembeni, aone vile itafanya na majina ya batu bote. Nikamukatalia. "Kaoma anaingia hapa kila asubui kuomba chai. Akinusa kitu, atabadilisha majina yake, atajiita Kaombwe, atajiita Petro. Hapana. Utatoa ile amri siku yenyewe, mbele ya batu, na batu baone."

"Mama, haifanywe vile."

"Balinichekea mu biro ama mbele ya batu?"

Yolande ni mutoto wa heshima. Alisema tu ataweka sheria ile yenye batu bengi banaweka, haina shida.

Lakini niliogopa kitu kimoja. Kaoma ana mudomo. Leo anaanguka, kesho anakwenda kwa Ba Elliot na zawadi ya samaki pale kubwa, na majina inarudi. Donc nilikwenda kwa Ba Elliot nikamuambia: "Mukwai, ile siku batu baape mbele ya Mungu. Chenye mashini itasema, hakuna mutu atagusa. Si mukubwa, si mudogo." Ba Elliot alifurahi sana, akasema ni mawazo ya mama Mukristu. Mawazo ya Mukristu! Nilitoka pale nacheka peke yangu mu njia.

Siku ilifika. Batu bakajaa kupita mara ya kwanza. Ba Elliot akaomba, kiisha akauliza: chenye mashini itasema, tutakubali? Batu bote: Amina! Na amina ya Kaoma ilipita ya bote, juu alijua makoti yake yako salama. Yolande akaketi mbele ya ordinateri, akatoa amri. Mashini ikanguruma, karatasi ikatoka, moto bado. Ba Elliot akakamata akaanza kusoma. Mashini ilipanga majina vizuri, A mbele, hakuna wa kusukuma mwenzake.

"Noella Kafula. Meza moja."

Nikasimama. Bana Chalwe naye akasimama, pembeni yangu. Tukaangaliana, tukacheka. Nikawaza: ni yake, yangu inafwata. Nikabakia wima. Ba Elliot akasoma jina ingine, na ingine, haikuwa yangu. Nikawaza: labda ya nukta inakaa chini, ku mwisho. Sikujali, juu alikuwa anakaribia R, na miye macho yangu yote yalikuwa ku koti ya Kaoma.

"Rodwell Kaoma. Meza moja."

Kaoma akangojea. Ba Elliot akapita ku Saviour, mwenye kuuzisha samaki barbeli ya kukauka. Kaoma akainua mukono: "Samahani, mwenyekiti. Iko bado zangu."

"Zako gani?"

"Zingine. Zenye... zenye herufi kubwa."

Wee! Soko ilipasuka! Mama mumoja akapiga kelele: "Ba Kaoma herufi kubwa! Na ba Kaoma herufi ndogo beko wapi? Balibakia ku nyumba na batoto?" Batu banashika tumbo, lakini sasa tumbo zilikuwa zinacheka upande wangu. Jasho ilikuwa inamutiririka ku shingo. Na miye? Nilicheka kupita bote. Nilicheka wima, mikono juu, nalia machozi ya furaha, nasema: "Muulize mashini, Kaoma! Muulize! Inasema nini?" Kwa kweli, sijakula chakula kitamu sawa ile dakika tangu nizaliwe.

Nikiwa bado nacheka, Ba Elliot akakunja karatasi. Majina yaliisha.

Kicheko ilikufa polepole. Batu baliniangalia. Nilikuwa wima, na hakuna meza ilisomwa ku jina yangu. Nikamuangalia Yolande. Uso wake ulikuwa majivu. Alikuja mbio, akaninong'onea: "Mama, nisamehe. Ile sheria, haione herufi kubwa na ndogo, lakini haione nukta pia. Ë na e kwake ni moja. Weye na mama Bana Chalwe, ilibatia mu beseni moja. Yake njo iliandikwa ya kwanza." "Kama ningeacha ile alama ya kuuliza, ungebakia."

Ulisikia? Ile alama ya aibu ingeniokoa. Macho ya jina yangu njo yaliniangusha.

"Lakini ninaweza kutengeneza!" Yolande sasa alisema na nguvu, batu basikie. "Iko sheria ingine, haione ukubwa wa herufi lakini inaona nukta. Nilichunga majina yote mbele ya kufuta. Ni kazi ya dakika kidogo."

Na hapo Kaoma akainuka. Jasho yake ilikuwa imekauka. "Mwenyekiti," akasema, na sauti ya upole sana, "tuliapa. Hakuna mutu atagusa, si mukubwa, si mudogo. Kama munagusa juu ya Bamayo No, mugusie kila mutu. Turudishe majina yote, tupange siku ingine." Akanigeukia. "Mwenye kuchimba shimo, bamayo. Unajua mwisho wake."

Ba Elliot akapangusa kichwa. "Mama, anasema kweli. Kiapo ni kiapo. Ama tunaacha vile iko, ama tunarudia yote mupya, na kila mutu anakuja kuandikishwa tena." Akaniangalia na huruma. "Useme weye."

Meza yangu ilikuwa pale, ya kona, kivuli juu yake. Nilikuwa na haki nayo. Kusema neno moja tu: rudieni. Ningeipata. Na Kaoma angerudi kesho biro na majina mupya, na makoti mupya, na kicheko ile ile. Nilimuangalia, anangojea, tayari anatabasamu na kona ya mudomo. Alikuwa na hakika kama hakuna mutu anaweza kutupa meza yake, juu tu mwenzake apoteze yake.

Hanijue.

"Hakuna mutu atagusa," nikasema. "Mashini imeona vizuri. Noella Kafula ni mumoja. Na Rodwell Kaoma ni mumoja."

Tabasamu ilimuanguka. Angesema nini? Kwamba mashini inadanganya? Aliiapia yeye mwenyewe, na ile amina yake kubwa.

Bana Chalwe akanikamata mukono, akanivuta. "Ni mumoja, mukwai," akaambia batu. "Ana makalio mbili makubwa tu, mutusongee." Batu bakacheka tena, tukaketi babili ku meza moja, chini ya mabati, na chisense yangu pembeni ya samaki pale zake. Meza za Kaoma zilipewa batu benye kukaa inje na miye. Ile ya kona ilipewa mujane wa kutoka Puta. Sikumuonea wivu. Nasema uongo, nilimuonea kidogo.

Yolande alinisumbua sana. Mupaka leo ananiambia: mama, kaandike barua ku komite, jina yako haimo. Najua haimo. Siku Bana Chalwe akirudi Kabuta kuzeeka, meza inakwenda naye, na miye nitatafuta plastiki yangu. Ku nyumba nililia, mulango umefungwa. Nilivuka ziwa na zile nukta, na nikaziacha soko, mikono yangu mwenyewe. Lakini ukiniuliza kama najuta, ngoja kwanza nikumalizie.

Mvula ya kwanza ilianguka na hasira, mu saa ya soko. Kaoma alikuwa amenunua chisense mingi kama mutu mwenye meza mingi, na meza yake moja ilikuwa imejaa. Magunia yake yalikuwa inje, maji inayafikia. Alizunguka meza zote. Kila mama ananyanyua macho, anashusha. Akafika kwetu, koti imelowa, ameshika gunia mu mikono kama mutoto mugonjwa. Meza yetu ilikuwa na nafasi, juu Bana Chalwe alikuwa ameuzisha yote mapema, akaenda kwake.

Akasimama mbele yangu. Akatoa kofia.

"Mama No-ë-lla," akasema. Polepole, yote, hakuvunja hata kipande. Mutu wa kwanza wa hii soko kuitamka vile baba aliitamka. "Mukwai, kuko nafasi kidogo?"

Nilimuacha amalize vizuri, na nukta zake zote mbili. Nikaangalia maji inaingia mu gunia yake. Kiisha nikamurudishia ile kipande ya jina yenye alinipa yeye mwenyewe.

"No."